Isabella Aliyetoa Mahari

Mume wangu Onesmus ana baba aliyefariki miaka tisa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Leo nalisema jambo hili nikicheka, hata mbele ya wageni, naye anacheka pamoja nami. Lakini kulikuwa na wakati neno hilo lilimkaba kooni mpaka nikakaa miaka miwili nikingoja kuolewa, na mimi Wangare si mtu wa kungoja. Hata chai ikichelewa kuchemka naigombeza.

Ilikuwa mwaka wa 1999, mjini Machakos. Mimi na Onesmus tulikuwa tumekodi chumba kimoja karibu na mahakama. Upande wake alikuwa na taipureta mbili na kompyuta moja kuukuu iliyokohoa kila ikiwashwa. Upande wangu nilikuwa na mashine ya fotokopi, kalamu, bahasha na madaftari. Katikati yetu ulisimama ubao wa plaiwudi ambao haukuzuia hata chafya. Tulianza kwa kugawana kodi, tukafika kugawana chapati, na kufikia mwaka huo kila mtu pale mahakamani alijua tutaoana isipokuwa wazazi wangu kule Katangi.

Wateja wake wengi walikuwa watu wa kesi za urithi. Mzee amekufa, ameacha wake watatu na watoto kumi na tisa, na hakimu anataka kuona ukoo wote kwenye karatasi moja. Makarani wengine wa kupiga chapa walikuwa wakikataa kazi hiyo kwa sababu watu huanza kugombana kabla karatasi haijaingia kwenye mashine. Onesmus aliipenda. Mteja akianza tu, "Baba yetu alikuwa..." humkatiza kwa upole.

"Usianze na baba," humwambia. "Baba ni mmoja na tunamjua. Niambie nyumba ziko ngapi, na kila nyumba mama ni nani."

Kisha huchora visanduku kwa rula, kila mama na kisanduku chake, na watoto wakishuka chini yake. Nimeona ndugu walioingia wakitukanana wakatoka wakiwa wameinamia karatasi ile pamoja, wakionyeshana vidole: huyu ni sisi, hawa ni ninyi. Koo za watu alizichora mamia. Wa kwake hakuugusa.

Nieleze mambo yalivyokuwa, ingawa wakati huo mimi mwenyewe sikuyajua. Kule vilimani Iveti aliishi mwanamume aitwaye Kioko, na mkewe Kamanthe. Kioko alikufa mwaka wa 1956 bila mtoto. Ndugu zake wakamwambia Kamanthe arudi kwao, kwa maana nyumba ya Kioko imekwisha. Kamanthe hakurudi. Alifanya jambo ambalo Wakamba wamelifanya tangu zamani: alitoa mahari yeye mwenyewe akamwoa msichana aitwaye Nthenya, ili azae watoto kwa jina la Kioko. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Mwanamume aliyehusika hatajwi wala haulizwi. Mwaka wa 1965 akazaliwa Onesmus, mwana wa Kioko, aliyekua akimwita Kamanthe nyanya.

Nyumbani kwao hilo halikuwa ajabu. Ajabu ilianza alipotoka nje. Wachungaji wa kanisa walinong'ona. Wenzake shuleni walimwita mtoto wa kaburi. Alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani mmoja alisoma tarehe ya kufa kwa baba, akasoma tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto, akaita wenzake waje waone. Tangu siku hiyo Onesmus aliamua kunyamaza, na mtu mpole akiamua kunyamaza humtoi neno hata kwa koleo.

Mimi nilichoona ni visingizio tu. Nilimwambia aende Katangi amwone baba yangu, Karanja, mwenye duka la rejareja pale sokoni. Watu wetu walihamia Yatta, ambako Katangi iko, kutoka Murang'a kabla sijazaliwa, lakini mambo ya posa bado huyafanya kwa utaratibu: wazee wa kijana waje, waketi, waulizwe wao ni nani. Mara mvua zimezidi, barabara mbovu. Mara kompyuta imeharibika. Mara nyanyake anaumwa mguu. Jumamosi iliyofuata nikamkuta nyanyake huyo huyo anapanda mlima na mtungi wa lita ishirini mgongoni, ananipita. Nikajua kuna jambo, nami nikajijibu mwenyewe: ana mke mwingine.

Katika hali hiyo ya mimi kununa na yeye kunyamaza ndipo alipoingia Mzee Wendlow.

Alikuwa Mwingereza wa miaka sabini na kitu, mrefu, aliyekuja Ukambani mwaka wa 1961 kujenga mabwawa, akafiwa na mke, akabaki. Aliishi upande wa Katelembo na mbuzi wake. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa mafundi wa zege, kwa hiyo aliongea kama sisi.

"Mimi niko na shida ya babu," alisema, akaweka mezani sanduku la karatasi.

Babu mwenyewe alikuwa mtu wa miaka mia sita iliyopita. Aliitwa Sir Walter Wendlow, mkuu wa watu huko Uingereza, mwenye nyumba ya mawe, farasi wa vita na ngao iliyochorwa korongo watatu. Akina Wendlow wa Uingereza walikuwa wameunda chama cha ukoo, na chama kilikuwa kinaandika kitabu. Katika kitabu hicho angeingia tu yule ambaye anatoka kwa Walter baba kwa mwana, baba kwa mwana, pasipo kuruka. Mzee wetu alikuwa amewapata wote kuanzia yeye mwenyewe kurudi nyuma hadi mtu mmoja aitwaye John, aliyekufa mwaka wa 1458. Hapo ndipo daraja lilipokatika. Walter alikuwa na binti, Isabella. Lazima basi alikuwa na mtoto wa kiume pia, baba wa John, ambaye jina lake limepotea. Alikuwa amemtafuta mtu huyo miaka kumi na mmoja, akimwita Kaka ya Isabella.

"Piga hizi zote taipu," alimwambia Onesmus. "Halafu chora ile miti yako. Watu wa kesi hapo koti wamesema wewe ndiye fundi."

Akawa anakuja kila Jumanne. Alileta nakala za hati za kale zilizogeuzwa kuwa Kiingereza cha kueleweka: nani alimpa nani shamba, nani alishtakiwa kwa kukata mti wa jirani. Onesmus alizifurahia mno. Alikuwa akinisomea kupitia ule ubao. "Wangare, sikia, hata hawa walikuwa wanasongesha mpaka wa shamba usiku." Nami nanuna, najifanya sisikii, huku nimetega masikio yote mawili.

Jumanne ya nne Mzee Wendlow alikuta mti umekamilika, umekaa mezani. Nilikuwa nawatolea nakala, kwa hiyo niliona yote.

"Mzee, hiyo kaka haiko," Onesmus alisema.

"Haiko wapi?"

"Haiko popote. Unatafuta mtu hakuzaliwa. Walter aliacha nyumba na msichana peke yake." Akavuta karatasi moja. "Angalia hapa. Isabella anapeleka ng'ombe wanane wa kulima na kipande ya shamba kwa baba ya msichana anaitwa Agnes. Ni nini hiyo? Si ni mahari? Halafu hapa, Agnes ameletwa anakaa kwa Isabella. Halafu baadaye kidogo tunaona John, na John anaitwa Wendlow, na shamba ya Walter ni yake. Mzee, hii kitu iko wazi. Isabella alioa."

"Alioa nani?"

"Agnes. Kwa sababu ya nyumba ya baba yake isiishe."

Na kweli, pale kwenye mti, chini ya Sir Walter mwenye farasi, Onesmus alikuwa amechora kisanduku cha Isabella, akakiunganisha na kisanduku cha mkewe Agnes, na mtoto wao John akishuka katikati.

Mzee Wendlow alicheka mpaka miwani ikaanguka. Aliinama, akashika meza, akacheka tena. "Isabella na mke! Mama yangu! Askofu angefanya nini!" Mimi pia nilicheka, nakiri. Ni Onesmus peke yake ambaye hakucheka. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa ndani, na alikuwa anapanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nikashangaa kwa nini mtu aumizwe hivyo na mambo ya Waingereza waliokufa zamani.

Mzee aliokota miwani. Akaitazama karatasi tena, na kicheko kikaisha taratibu.

"Hakuna kaka," alisema, si kwetu. "Miaka kumi na moja. Hakuna kaka." Akaweka mti ule ndani ya bahasha, akaondoka bila kuaga.

Alipotea wiki saba. Aliporudi alikuwa na barua kutoka kwa binamu yake mmoja huko, mwanamke aliyejua kusoma hati za zamani, na uso wa Mzee mwenyewe ulikuwa wa mtu aliyetoka mazikoni.

"Ulikosea," alimwambia Onesmus, akiketi. "Agnes hakuwa bibi ya Isabella. Alikuwa bibi ya John. Isabella alimtafutia kijana yake msichana mapema, watu wa zamani walifanya hivyo. Lakini kwa ile ingine ulikuwa sawa. John ni mtoto ya Isabella. Bwana yake alikuwa Thomas Pyke, mtu ya kuuza ngozi. Watu ya Walter walimwambia, ukitaka huyu msichana acha jina yako kwa mlango. Akaacha. Watoto wakaitwa Wendlow." Akavuta pumzi. "Sasa kitabu yote imeanguka. Sisi sote tunatoka kwa John. Hakuna hata mmoja yetu ako na damu ya Walter baba kwa mwana. Sisi ni watoto ya muuza ngozi."

Mzee akainama mbele.

"Wacha nikuulize, na uniambie ukweli. Wewe ulijua hii kitu kwa sababu nyinyi Wakamba mko na nyumba kama hizo. Mtoto amezaliwa kwa nyumba kama hiyo, ni mtoto ya ukoo kabisa? Ama watu wanasema ndio tu, ndio asisikie vibaya?"

Nilikuwa nimezima mashine ili ipoe. Nilisikia kila neno.

"Ni mtoto wa nyumba," Onesmus alisema. "Si kwa mdomo tu. Shamba ni yake, jina ni yake, akikosa adabu anachapwa kama wengine. Mimi ni mtoto kama huyo, Mzee. Baba yangu anaitwa Kioko. Hakuniona na mimi sikumwona. Lakini kama si yeye, mimi si mtu wa mtu."

Sikuwa nimewahi kumsikia akitamka jina hilo. Nilimhurumia mpaka machozi yakanitoka, na papo hapo nikapandwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena. Nikazunguka ule ubao.

"Miaka miwili, Ones! Miaka miwili nafikiri uko na bibi huko Iveti!"

"Wangare..."

"Usiniwangare! Nimehesabu watoto wako huko mpaka nikawapa majina! Kumbe ni hii? Kumbe ni hii tu?"

"Baba yako ataniuliza baba yangu ni nani."

"Si aulize! Si uko na mdomo? Umemwambia huyu mzungu, utashindwa kumwambia Karanja wa duka?"

Mzee Wendlow alikuwa amekaa katikati yetu, anageuza kichwa huku na huku. Akaanza kucheka kidogo kidogo, safari hii kwa upole. "Onesmus," alisema, "kubali tu. Huyu ni Isabella mwenyewe."

Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, tukaenda Katangi.

Onesmus alitaka kwenda na ami zake peke yao. Nyanyake Kamanthe, ambaye sote tunamwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, alisema hatabaki, na Susu akisema jambo, mkutano umekwisha. Alikuwa na karibu miaka themanini, mwembamba, mkavu, mdomo kama wembe. Mama mkwe wangu Nthenya alivaa gauni jipya la kijani. Mzee Wendlow aliombwa kuja kama mzee wa upande wa kijana, akawabeba wote kwenye Landrova yake pamoja na kreti za soda.

Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, kama inavyotakiwa, nikimenya viazi ambavyo havikuhitaji kumenywa tena. Dirisha la jikoni linaangalia uani pale walipoketi. Nilijua Onesmus akinyamaza siku ile, wazee wetu watainuka na hakutakuwa na siku nyingine, na nilimjua vizuri jinsi anavyoweza kunyamaza.

Walianza kwa kujitambulisha. Ilipofika zamu ya Mzee Wendlow, baba yangu mdogo Kabiru, mwenye ulimi usio na breki, alimwuliza yeye ni mtu wa wapi hasa.

"Mimi ni Hugh," alijibu, amesimama wima. "Wa nyumba ya Isabella binti Walter."

Watu wakapiga makofi kwa kudhani huo ni ukoo mkubwa. Mzee alikuwa ameshawaandikia jamaa zake Uingereza kwamba kitabu kitachapishwa na kisanduku cha Isabella katikati, la sivyo kisichapishwe. Mmoja wao alikasirika akaacha kumtumia kadi ya Krismasi.

Kisha Kabiru akaegemea kiti.

"Wageni wetu, tumewaona. Tumeona ami wawili, tumeona akina mama, hata mzungu tumeona. Lakini kuna mtu sijaona. Baba ya kijana ako wapi?"

Onesmus akasimama. Niliweka kisu chini.

"Baba yangu ni Kioko wa Mbithi, wa Iveti," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa inasonga mbele. "Alikufa mwaka wa hamsini na sita. Mimi nilizaliwa sitini na tano."

Wanawake jikoni wakaanza kuhesabu kwa vidole. Kabiru alikuwa amehesabu tayari.

"Hiyo hesabu, kijana, imenishinda."

"Hesabu ni yangu," Susu alisema, akainuka kwa fimbo yake. Alisema kwa Kikamba, na wazee wetu, ambao wameishi Yatta miaka mingi, walimwelewa barabara. "Kioko aliniacha bila mtoto. Ndugu zake wakaniambia nyumba imefungwa. Nikasuka vyondo miaka mitatu, nikanunua mbuzi mmoja mmoja, nikawapeleka mwenyewe kwa akina Nthenya. Huyu hapa, muulizeni kama nilibakisha hata kwato. Nilimwoa. Huyu kijana ni wa nyumba ya Kioko. Mimi nimeshaoa mara moja, nimekuja kuoa mara ya pili, na ninyi mnanichosha na hesabu."

Pakatokea kicheko, kisha kikazimika, kwa kuwa Kabiru hakucheka. Alifungua mdomo, na sote tulijua anataka kuuliza lile swali ambalo haliulizwi.

"Kabiru!" shangazi yangu Njambi alipiga kelele kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Kitanda hakizai haramu! Hata wewe unalijua hilo!"

Kabiru akafunga mdomo. Kila mtu akamgeukia baba yangu, kwa sababu binti ni wake. Baba ni mtu ambaye mteja humwambia maneno ishirini naye humrudishia moja. Alikuwa amekaa muda wote huo mikono magotini, macho kwa Onesmus, ambaye alikuwa bado amesimama.

"Onesmus," Baba alisema. "Mungu akiwapa mtoto wa kwanza kijana, mtamwita nani?"

Kwetu Wakikuyu, na kwa Wakamba vilevile, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa mume. Huwezi kumpa mtoto jina la mtu ambaye si wako. Hakuna anayefanya hivyo, hata kwa uongo.

Onesmus hakufikiri hata kidogo. Jina lilimtoka kwa sauti kubwa, mpaka mbwa wa jirani akabweka.

"Kioko!"

Baba akamgeukia ndugu yake.

"Kabiru, ulikuwa unauliza baba ya kijana ako wapi. Ndio huyo, anakuja. Sasa mwambie Njambi alete chakula, wageni wametoka mbali."

Nilipiga kigelegele kabla ya wakati wake, shangazi akanipiga mwiko begani, nami nikaendelea kupiga. Uani Onesmus alikuwa ameketi, amekumbatiwa na mama yake. Susu Kamanthe, ambaye sijamwona akilia kabla wala baada ya siku hiyo, alijifunika uso kwa leso akakaa hivyo kitambo, mabega yakitikisika. Kisha akaifunua, akajifuta, akamwambia Kabiru asogee apate nafasi ya kuweka sahani.